Kiti cha Nyuma, Kushoto

Wamemuuzia betri tatu.
Wa kwanza sokoni, wa pili Barani,
wa tatu alimwapia kwa Mungu.
Na kila alfajiri Bwana Ngumbao huiamsha Benzi yake
nayo hujibu tk, tk,
kama mtu anayetafuta neno na halipati.

Mimi siuzi betri.
Naitwa Mbodze, kazi yangu waya,
na siulizi gari lina nini.
Nauliza lilianza lini, na nani alilifunga usiku huo.

Anasimulia kama wagonjwa wote, akianzia mbali:
miaka ishirini na miwili alishika funguo za vyumba
katika hoteli moja ya makuti, Casuarina,
hoteli ikafungwa, Sinyori akasema domani,
domani ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka,
mwisho akamwachia hili na kupanda ndege.
Kiinua mgongo chenye magurudumu manne
na paa linalovuja.

Nafungua boneti. Chumvi imenitangulia.
Ethi ya injini imeota unga wa kijani;
naikwangua kwa msasa mpaka shaba icheke.
Altaneta inachaji vizuri. Mkanda unalia, lakini kilio si ugonjwa.
Vipira vya pumzi vya kufungia milango vimepasuka,
ndiyo maana mlango mmoja hutii
na mitatu hufikiria kwanza.
Geji ya joto hupanda kila akifika daraja la Sabaki: feni imechoka.
Haya yote ni kweli.
Haya yote si jibu.
Hapa ndipo wenzangu walipouza betri.

Basi nazima kila kitu, natoa ufunguo,
nachomoa waya wa hasi
na kuweka taa ya kupimia kati yake na betri,
kama mlinzi langoni.
Gari limelala. Taa inawaka.
Si ule mwanga mnyonge wa saa ya dashibodi;
huu umejaa, wa njano, hauna haya.
"Kuna mtu anakula humu," namwambia.

Fyuzi moja moja.
Ya redio, taa inawaka. Ya honi, inawaka.
Lali, mwanagenzi wangu, anahesabu kwa sauti ya chuoni.
Kumi na moja,
na taa inazima kama mwongo aliyetajwa jina.

Naufuata waya chini ya zulia, unapita mlango, unakwenda nyuma,
na kabla sijaiona rilei
kiganja changu kinaegemea kiti cha kushoto.
Tuko kivulini tangu saa mbili.
Ngozi ina joto.

Kipasha mgongo. Malindi.
Mwezi wa pili, paka wenyewe wanagombania sakafu.
Rilei imeungua, midomo yake imegandana, haiachii,
na usiku kucha, kila usiku,
gari limekuwa likimwekea mtu kiti chake moto.

"Alikaa hapo," anasema Bwana Ngumbao.
"Hakuwahi kukaa mbele. Mgongo ulimsumbua."
Anacheka. Kisha hacheki.
"Na betri nanunua mimi."

Nashika koleo. "Ngoja," ananiambia,
"irudishe hiyo fyuzi kwanza."
Anaingia nyuma, kushoto, anafunga mlango,
anakaa wima kama anayepigwa picha.
Dakika kumi. Shati limemganda, jasho kidevuni,
Lali ananitazama, mimi naitazama koleo.
"Sasa kata," anasema kupitia kioo.

Nakata. Nafunga utepe mweusi.
Taa ya kupimia, giza. Saa tu inajitafunia chembe yake, halali yake.

Anataka kushuka, mlango haufunguki.
"Ni vile vipira vya pumzi," namwambia. "Hivyo tutavishughulikia kesho."
Nikalisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu.
Nikachukua bisibisi,
nikapiga magoti.